Mashairi ya Marehemu

Jumatatu, 2 Septemba

Clement amekuja saa kumi jioni kuchukua jalada la bluu. Amevua viatu mlangoni, amekaa, amekunywa chai vikombe viwili. Ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania hapa Stockholm, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu walipokuja wote kusoma, miaka ile ya themanini.

"Shemeji, kamati imepitisha," akasema. "Tunachapa kitabu. Mashairi yote ya malenga wetu. Tutakizindua kwenye sherehe ya Uhuru."

Nimeenda chumbani nikamletea. Amelifungua palepale, akapitisha kiganja juu ya karatasi ya kwanza, machozi yakamlengalenga. "Damian alijaliwa," akasema. "Hatutampata mwingine."

Nikasema, "N-ndiyo."

Alipoondoka nimeosha vikombe, nikatoa daftari hili ambalo nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya mapishi. Damian amefariki tangu Aprili na sijaandika hata mstari mmoja. Naandika leo kwa sababu lazima nilisemee mahali. Kwenye jalada lile mna mashairi sabini na mawili. Yote nimeyatunga mimi.

Jumanne, 3 Septemba

Kazini, jikoni mwa shule: samaki na viazi, watoto mia nne. Sikuongea na mtu mpaka saa nane, na saa nane niliongea na mashine ya kuoshea sahani.

Jumanne, 10 Septemba

Milcah kanikokota. Ni Mkenya, tunafanya naye kazi jikoni mwa shule huku Farsta, na yeye ndiye mtu pekee anayenisubiri mpaka nimalize sentensi.

"Vumi, unakaa kwa hiyo nyumba kama wewe ndiye ulizikwa," akaniambia. "Nimekuandikisha kozi. Jumanne, saa kumi, hapo library."

"K-kozi gani?"

"Wanawake wa Ugiriki ya kale. Washairi na wanafalsafa. Usiniulize ni kina nani, sijui. Lakini kahawa ni ya bure."

Tuko saba, wengi wazee wa Kiswidi waliostaafu. Mwalimu ni Dalia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ndogo. Wazazi wake walitoka Iraq, yeye kazaliwa hapahapa. Alianza kwa kuandika namba 9 ubaoni. Zamani, alisema, mshairi mmoja alitunga orodha ya wanawake tisa waliosifika kwa ushairi, akawafananisha na miungu tisa wa kike wa sanaa. Kisha akainua juu kijitabu chembamba kama menyu ya mkahawa. Haya ndiyo yaliyobaki ya wote tisa. Mmoja aliandika mashairi ya kujaza vitabu, leo limebaki shairi moja zima, pengine mawili, na vipande. Baadhi ya vipande vilifukuliwa kwenye majalala ya kale huko Misri.

Milcah akaninong'oneza, "Kumbe takataka ndiyo ilikuwa maktaba."

Mimi, nisipomtajia Damian kwa mdomo, nilikuwa nikitungia nyuma ya karatasi za menyu za shule. Damian akishanakili safi, nilizitia kwenye mfuko wa taka na kuupeleka chini mwenyewe.

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Niandike ilivyoanza, nisije nikajidanganya baadaye.

Ilikuwa mwaka 1993, harusi ya rafiki yetu, ukumbini Akalla. Damian alikuwa ameahidi shairi. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, sauti yake nzito, hata akisema "nipitishie chumvi" watu hugeuka. Lakini Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, na vina vilimtoroka. Mimi nimezaliwa Muheza. Baba alikuwa tarishi wa posta, alileta nyumbani magazeti ya jana, nami nikakariri kurasa za mashairi tangu sijaanza darasa la tatu. Ila nina kigugumizi. Shairi kichwani mwangu linatiririka. Nikilipeleka mdomoni mbele za watu, linakwama.

Usiku wa kuamkia harusi alikuwa mezani na karatasi tupu, jasho linamtoka. Nikamtungia beti nne huku namenya viazi. Akaandika nilivyosema. Kesho yake aliposoma, ukumbi ulisimama. Mama wa bwana harusi alilia. Mtu akapaza sauti, "Malenga!" Damian akanitazama kutoka kule mbele, kalamu bado mfukoni, na najua alikuwa anataka kusema. Nikatikisa kichwa. Ndiyo, mimi ndiye niliyetikisa kichwa. Niliogopa wataniita nikasome.

Kwenye treni ya kurudi Rågsved tulicheka kama watoto walioiba sukari. "Siku moja tutawaambia," alisema.

Mwanzoni alikuwa anasema "shairi letu." Baadaye likawa "lile shairi langu." Najaribu kukumbuka lilibadilika mwaka gani, siwezi. Halikubadilika siku moja.

Jumanne, 17 Septemba

Leo: mshairi aliyeandika shairi la kaburi dogo la panzi na nyenje, wadudu wa mtoto wa kike aliyewalilia. Mistari minne tu. Miaka zaidi ya elfu mbili, na yule mtoto bado analia. Nimetembea kutoka stesheni nikiwa mwepesi kidogo.

Alhamisi, 26 Septemba

Supu ya njegere na chapati za maji, kama kila Alhamisi. Binti yangu Queen hakupiga simu.

Jumapili, 29 Septemba

Queen amekuja kula. Ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini na saba, anafanya kazi ya maabara na anakaa Akalla, mwisho kabisa wa reli ya bluu. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi. Ndivyo ilivyo tangu alipoanza shule. Na baba yake ndivyo ilivyokuwa, ila Damian alikuwa akimchekesha, na kicheko hakihitaji lugha.

Amefurahi sana juu ya kitabu. Clement amemwomba asome shairi moja kwenye sherehe, lile la kuzaliwa kwake. "Nitafanya mazoezi kila siku," alisema. Akakunja mkono wa sweta. Tangu Mei, baada ya mazishi, amejichora tatoo kwenye mkono wa kushoto: *ingia mgeni wangu*. Chini yake, *Pappa*, yaani baba.

Nilimwambia ale, wali unapoa.

Shairi lenyewe nililitunga wodini, Februari, yeye akiwa na siku mbili:

Umekuja na theluji, mwanangu mwenye subira,
Huko nje walala mji, taa zake zinang'ara,
Sina kanga sina uji, nina wimbo na ishara,
Mlango nimefungua, ingia mgeni wangu.

Nilimtajia Damian mstari mmoja mmoja, kitandani, yeye akiandika nyuma ya bahasha. Alikuwa analia akiandika. Hilo nalo ni kweli, na nisilisahau.

Jumanne, 8 Oktoba

Somo la mwanamke wa Aleksandria, mwalimu wa falsafa na hesabu, aliyeuawa na kundi la watu barabarani. Mwanafunzi wake mmoja alimwandikia barua na barua hizo zipo mpaka leo. Majibu yake hayapo. Dalia alisema hivyo halafu akapanga karatasi zake. Mzee mmoja akauliza kama kahawa imekwisha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Clement kapiga simu. Kamati inaomba niandike ukurasa mmoja wa utangulizi. "Kama mke, Shemeji. Jinsi ulivyomhudumia alipokuwa anatunga. Chai, utulivu wa nyumba, mambo kama hayo."

Nimekaa mezani saa nzima. Nimeandika: "Alikuwa akipenda chai ya tangawizi." Nimefuta.

Ijumaa, 18 Oktoba

Majani yote yameanguka.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimesema darasani. Mara ya kwanza.

Somo lilikuwa barua za wanawake wanafalsafa, wafuasi wa mwanahesabu mmoja mkubwa wa kale. Wanaandikiana juu ya kulea watoto, kumchagua mnyonyeshaji, nini cha kufanya mume akitoka nje ya ndoa. Barua zenye akili, zenye utulivu. Kisha Dalia akasema wataalamu wengi wana shaka. Wengine wanaamini ziliandikwa na wanaume waliojipa majina ya kike. Hata binti mmoja mshairi ambaye watu wa kale walisema alifariki na miaka kumi na tisa, aliyemlilia rafiki yake kwa shairi, yupo mtaalamu aliyesema shairi hilo ni zuri mno kuwa la binti wa umri ule. Lazima ni la mwanamume.

Niliinua mkono kabla sijajua kuwa nimeuinua. Kiswidi changu kinakwama kuliko Kiswahili. Nilisema, "Na k-k-kama..." Wote wakanigeukia na zile sura za huruma. Yule mzee wa kahawa akataka kunisaidia, akasema, "Kama ni kweli?" Nikatikisa kichwa. Milcah akamwambia, "Ngoja." Wakangoja. "Na kama ni kinyume? Kama mwanamke ameandika, na j-jina ni la mwanamume?"

Dalia akaweka karatasi zake mezani.

"Basi hatutajua," alisema. "Kwa hao hatuna hata kipande. Hao hatuwezi hata kuwahesabu."

Sikuchukua kahawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia Milcah. Tulikuwa tunatembea kuzunguka ziwa la Magelungen, tope mpaka kwenye viatu. Nilidhani atashangaa. Alisimama tu akanikazia macho.

"Miaka thelathini na moja. Na wewe ulikuwa umelala?"

"N-nilikuwa namenya viazi."

"Usinichekeshe. Huyo mwanaume alikuibia."

Nikamkasirikia, mpaka kigugumizi kikakatika. Nikamwambia Damian hakuiba, nilimpa. Kwamba alifanya kazi ya usiku kwenye mahandaki ya reli miaka ishirini na akirudi alikuwa ananisomea lile shairi jipya polepole, akiniuliza hapa nipumue wapi, hapa nishushe sauti wapi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyenisoma hivyo.

Milcah akasema, "Sawa. Lakini yeye ameenda. Wewe uko hapa. Hicho kitabu kitakuwa na jina la nani?"



Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya kuwasha mishumaa makaburini. Naandika hii nikiwa bado na koti mwilini.

Tulikutana na Queen stesheni ya makaburi ya Skogskyrkogården saa tisa na nusu. Giza lilikuwa linaanza kushuka na kilima chote kilikuwa taa ndogondogo, maelfu, watu wanatembea kimya na watoto wao. Kaburi la Damian liko chini ya misonobari, upande wa kusini. Tuliwasha mishumaa miwili. Queen akasema atalisoma shairi lake hapo, ajizoeze mbele ya baba.

Akalisoma. Anatamka kama Mswidi, *theluji* inateleza, *ng'ara* inamsumbua. Alipofika mwisho akafuta macho akasema, "Hakuna mtu aliyewahi kunikaribisha hivi."

Na mimi nikasema. Sikuwa nimepanga. Nilisema, "Ni m-mimi, mwanangu. Niliyekukaribisha. Ni mimi niliyelitunga."

Hakunielewa kwanza. Akadhani ni Kiswahili chake. Nikarudia kwa Kiswidi, na Kiswidi kikafanya lionekane kama shtaka la polisi.

"Hili tu?" akauliza.

"Yote."

Alinitazama kama vile nimemkanyaga baba yake miguuni petu. "Kwa nini unasema hivyo hapa? Hapa?"

"Kwa sababu wanachapa—"

"Pappa hawezi kujibu!" Watu wa kaburi la jirani waligeuka. Akateremsha sauti. "Maisha yangu yote wewe umekaa kimya. Sherehe zote. Watu wanampigia makofi, wewe unapiga makofi. Ama ulikuwa unadanganya wakati ule, ama unadanganya sasa. Mimi nichague ipi?"

Alivuta mkono wa koti lake chini mpaka vidoleni, akaenda. Nilimwona taa kwa taa mpaka sikumwona.

Nilibaki mpaka mishumaa ikatulia. Nilimkasirikia Damian kwa mara ya kwanza tangu afe. Nilimwambia, "Ungeweza kumwambia yeye. Mmoja tu." Alikuwa na wiki sita hospitalini, na akili timamu, na Queen kila siku pembeni ya kitanda.

Jumapili, 3 Novemba

Nimepiga simu. Hakupokea.

Jumanne, 5 Novemba

Sikwenda kozi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nyama za kusaga. Simu hakuna.

Jumanne, 12 Novemba

Milcah alinisimamia mlangoni mpaka nikavaa buti.

Leo Dalia alieleza jinsi maandishi ya kale yalivyotufikia: mtu ananakili kwa mkono, mwingine ananakili nakala, kizazi hadi kizazi. Na kila mnakili anakosea. Lakini, alisema, makosa yana faida. Aliyetunga anaweza kukosea herufi, ila hawezi kuacha mstari wake mwenyewe uharibike maana na asijue. Mnakili asiyelijua neno huliandika lile analolijua linalofanana nalo. Hapo ndipo unamwona: huyu hakutunga, huyu alinakili.

Nilikaa kama niliyemwagiwa maji. Shairi la arobaini na moja. La msiba.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimekwenda nyumbani kwa Clement. Mkewe alikuwa kazini. Tulikaa sebuleni sisi wawili, na nakala ya majaribio ya kitabu ilikuwa mezani. Jalada lake zuri: picha ya Damian na kipaza sauti, na jina, *Mashairi ya Marehemu*.

Nilimwambia. Ilinichukua muda. Alinisikiliza akiinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza ungamo la mgonjwa.

"Shemeji," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, "msiba una mambo yake. Dada yangu alipofiwa alidai mumewe bado anampigia simu."

"S-si wazimu, Clement."

"Sijasema wazimu. Nasema huzuni. Una karatasi? Una hata moja yenye mwandiko wako?"

"Nilizitupa."

Akafungua mikono.

Nikachukua kitabu, nikafungua ukurasa wa shairi la arobaini na moja, nikamwonyesha mstari kwa kidole. Umeandikwa: *Sina moto ya kulia, yamekauka zamani.*

"Soma."

Akasoma. "Naujua huu. Aliusoma kwenye msiba wa mzee wa Rinkeby. Watu waliujadili wiki nzima. Moto wa kulilia. Una kina."

"Hauna kina. Ni makosa. Moto *ya*? Moto hu-hukauka?"

Akasoma tena, midomo ikicheza.

"Hili nilimtajia kwa mdomo, nikasema *mato*. Sina mato ya kulia. Macho, Clement. Kwetu pwani kwenye mashairi tunasema mato. Yeye hakulijua, akasikia moto, akaandika moto. Nami nilikuwa zamu siku ya kunakili. Nilipoisikia ukumbini ilikuwa imeshatoka."

Niliona jambo limemgusa, kisha nikaona analisukuma. "Kalamu inaweza kumteleza yeyote," akasema. "Kitabu kiko kiwandani tayari. Na Shemeji, nakuomba kwa heshima ya miaka yote hii: usimvunjie marehemu jina. Hakuna atakayefaidika."

Akanisindikiza mpaka kwenye lifti. Akabonyeza kitufe kwa niaba yangu.

Jumatano, 20 Novemba

Theluji imeanguka siku nzima, mabasi yamesimama. Nimetembea kutoka kazini. Hakuna mtu barabarani. Nilijikuta nasema mstari kwa sauti, mpya, haujawahi kuwepo. Haukukwama hata mahali pamoja. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa na wa kumwambia, ukayeyuka pamoja na viatu mlangoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Soseji na viazi vya kuponda. Milcah ana mafua. Nimekula peke yangu kwenye chumba cha mapumziko, nikisoma maelezo ya kizima-moto.

Jumapili, 1 Desemba

Nilikuwa naweka taa ya Adventi dirishani, kengele ikalia. Queen. Hakuwa amepiga simu. Uso umevimba kwa baridi au kwa kulia, sikuuliza. Hakuvua koti. Alienda moja kwa moja jikoni, akasimama katikati, akaangalia sinki, meza, dirisha.

"Nilikuwa na miaka sita hivi," akasema kwa Kiswidi. "Meza ilikuwa upande huu. Pappa alikuwa amekaa hapa na kalamu. Wewe ulikuwa umesimama pale, umetupa mgongo, mikono kwenye maji. Ulikuwa unagonga vidole kwenye ukingo wa sinki. Nane, halafu nane. Nilikuwa nadhani unasali."

Nikashika ukingo wa sinki.

"Na pappa alikuwa anauliza, 'Halafu?' Na wewe unasema. 'Halafu?' Na wewe unasema. Nimekuwa nikilikumbuka hilo wiki nne, mama, na nimekuwa nikijiambia kwamba ulikuwa unamsaidia kwa maneno magumu. Lakini jana nikiwa kazini nikakumbuka kitu kingine. Ulikuwa huchelewi. Ulikuwa husimami hata kidogo. Mimi nilikuwa mtoto na nilishangaa: mama anaongea."

Akakaa kwenye kiti akaanza kulia kama mtoto wa miaka sita. Nikamvua koti, mkono kwa mkono. Nikamwekea maji ya chai. Baadaye akauliza kwa nini Damian hakumwambia, nikamwambia sijui. Nikamwambia labda aliona haya mbele yake tu, kwa sababu kwake tu alitaka kuwa mkubwa. Sijui kama ni kweli. Ni jambo jema kuliko yote niliyoweza kuyafikiria.

Akaomba nimfundishe kutamka *zinang'ara*.

Jumamosi, 7 Desemba

Sherehe ya Uhuru, ukumbi wa kukodi Farsta, saa saba mchana. Watu mia na zaidi, bendera, pilau, watoto wanakimbizana chini ya meza. Kitabu kimepangwa mlangoni. Kila anayeingia alinishika mkono: pole, hongera, pole, hongera.

Clement alitoa hotuba nzuri. Hakunitazama. Kisha akamwita Queen.

Amesoma beti zote. Ng'ara yake ilitoka safi. Watu wakaanza kupiga makofi, akainua mkono. Akasema kwa Kiswahili, ambacho sijamsikia akikitumia mbele za watu tangu awe na meno ya utoto:

"Naomba. Hii ameandika mama yangu. Vitabu vyote hii, ameandika mama. Baba amesoma. Baba alisoma vizuri sana. Lakini ameandika mama."

Ukumbi ulitulia mpaka nikasikia kijiko kinaanguka jikoni. Halafu ukapasuka. "Nini?" "Kasema nini huyu mtoto?" Mwanaume mmoja meza ya mbele akasema kwa sauti, "Aibu! Mtu amelala kaburini!" Mwanamke mwingine akacheka, sijui kwa nini. Makofi yalikuwa ya mtu mmoja, Milcah, nyuma kabisa, anapiga kama anayetwanga.

Clement akasogea kwenye kipaza sauti. Akanitazama, safari hii. "Shemeji... ungependa kusema neno?"

Nilisimama. Miaka thelathini na moja nimeikwepa dakika hii. Niliona nyuso zote zinanisukuma, midomo yao inacheza, zinataka kunimalizia, na sikujua zinanimalizia nini.

"Ni k-k-k..." Nikashika meza. "Ni kweli."

Nikakaa.

Hakukuwa na kingine. Muziki ukapigwa, chakula kikagawiwa. Queen alikuja kukaa upande wangu mmoja, Milcah mwingine. Viti vitano vilivyobaki kwenye meza yetu havikukaliwa mpaka tulipoondoka.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani hakuna aliyenisalimu wa upande wetu isipokuwa mtoto mmoja, na mama yake alimwita.

Ijumaa, 13 Desemba

Lucia, sikukuu yao ya mwanga. Tumeoka maandazi ya zafarani mia tano. Watoto wamepita na mishumaa wakiimba. Ujumbe kwenye simu kutoka kwa mke wa mtu, simjui vizuri: "Ungemwacha apumzike."

Queen alipiga simu mara mbili. Alisema maneno saba ya Kiswahili. Niliyahesabu.

Jumanne, 17 Desemba

Somo la mwisho. Dalia alituomba kila mmoja aseme ni nani atabaki naye. Wazee walitaja yule wa Aleksandria, yule binti wa miaka kumi na tisa. Mimi nikasema, "Wale usioweza k-kuwahesabu." Yule mzee wa kahawa hakunisaidia, alingoja. Dalia akaandika kitu kwenye daftari lake. Mlangoni akaniuliza jina langu kamili, na linaandikwaje.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Saa nane kengele imelia. Clement, peke yake, kofia imejaa theluji, amebeba katoni mbili. Hakutaka kuingia. Nikamwambia aingie.

"Ni nakala zilizobaki," akasema. "Themanini. Kamati haielewani. Wengine wanataka zichomwe, wengine wanataka ziuzwe hivihivi."

"Na w-wewe?"

Alivua kofia, akaigeuza mikononi. "Nimekisoma chote upya, Shemeji. Nilikuwa natafuta moto mwingine. Makosa. Sikupata mengine. Lakini kuna lile la kufua. La mke anayeloweka ovaroli la mumewe, maji yanakuwa meusi mara tatu, anajua leo alikuwa handaki gani kwa rangi ya vumbi." Akapangusa theluji kwenye kofia. "Nimelisikia mara ishirini. Nimelipigia makofi. Damian hakuwahi kufua ovaroli lake hata siku moja. Mimi nilikuwa nafanya naye kazi mahandakini, alikuwa anatutania kwa hilo. Na sikuwahi kujiuliza alijuaje rangi ya maji."

Nilimpa kiti. Alikunywa chai kikombe kimoja. Hakuomba radhi kwa maneno, na mimi sikumdai. Akiwa mlangoni anafunga kamba za buti akasema, bado ameinama, "Fanya nazo unavyoona sawa. Nitawaambia nimekuachia wewe." Kisha, "Alisoma vizuri lakini, sivyo?"

"Hakuna aliyesoma kama yeye," nikasema.

Nimezifungua katoni. Nimechukua kalamu ya wino. Jina la Damian sikulifuta. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, chini ya jina lake, nimeandika: *Ametunga Vumilia. Amesoma Damian.* Cha kwanza herufi zilipanda juu. Kufikia cha thelathini zilikuwa zimetulia. Nimefika hamsini na tatu. Nje kumeshakuwa giza na ni saa tisa na nusu tu. Queen atakuja kesho kusaidia kubeba. Bado hatujui tutazipeleka kwa nani.

Nilipochoka kuandika nilifungua kimoja popote, nikasimama katikati ya sebule, nikaanza kusoma kwa sauti. Nilikwama kwenye mstari wa pili. Sikukaa. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, hapakuwa na mtu wa kunimalizia neno, kwa hiyo nikangoja. Likaja.